Lenzi Inayopanua Sebule

Dalali aliyenipa kazi ya kwanza hakuniuliza kama najua kupiga picha. Aliniuliza, “Dogo, kamera yako inapanua chumba?” Tulikuwa Mwanjelwa, Mbeya, nje ya duka la simu. Mimi nilikuwa natafuta hela ya kodi, na tasnifu yangu ya uzamili ilikuwa imekwama sura ya pili.

Mfukoni nilikuwa na laki sita. Kwa bahati nzuri, kupiga picha ndani ya nyumba hakuhitaji kamera ya gharama, maana nyumba haikimbii. Ukiiweka kamera juu ya tripodi na ISO kwenye 100, unaweza kuacha shata wazi sekunde nzima, na mwanga wa dirishani wa saa nne asubuhi ukakufanyia kazi ambayo wenzako wanainunulia taa. Nilichukua Canon EOS 1300D ya mtumba. Ni kamera iliyotoka mwaka 2016, ina megapikseli 18, na picha ikishatumwa WhatsApp hubanwa kiasi kwamba megapikseli zaidi zisingenisaidia kitu.

Tatizo likabaki kwenye lenzi. Ile iliyokuja na kamera ni ya milimita 18 hadi 55, na ikiwa kwenye 18 inaona upana wa nyuzi 64 hivi. Kwenye sebule ya mita tatu kwa nne, hata ukibana mgongo ukutani, unapata kona moja na nusu ya kochi. Dalali akaniletea lenzi ya kuazima ya milimita 10. Hiyo inaona nyuzi 96.

Nyumba ilikuwa Kihesa, Iringa. Nilichuchumaa kwenye kona nikapiga. Kuta zilirudi nyuma, na dirisha likawa mbali kama la ukumbi wa harusi. Sikufuta ufa wala sikuongeza kitu. Niliipenda ile picha.

Baada ya wiki mbili dalali aliniita nikapige picha za nje, na siku hiyo hiyo akaja mnunuzi. Alikuwa mwalimu mstaafu aliyepanda basi kutoka Mbeya alfajiri, zaidi ya kilomita 300. Mkobani alikuwa na futi ya kupimia, kwa sababu alitaka kujua kama kabati lake la vyombo litaenea ukutani. Alisimama mlangoni, akatazama simu yake, akatazama sebule.

“Mwanangu, ndiyo hii hii?”

“Ndiyo, mama.”

Alipima ukuta, akakunja futi taratibu, akairudisha mkobani. Hakulalamika. Aliuliza tu basi la mwisho la kurudi Mbeya linapita saa ngapi.

Alipoondoka dalali aliniona nimenyamaza. “Kwani uongo uko wapi? Kuta zote zipo. Kaja, kaona, kakataa. Nani kamlazimisha?”

Sikuwa na jibu la haraka. Hoja hiyo ina umri mkubwa kuliko kamera. Mwaka 44 KK, katika kitabu cha tatu cha De Officiis, Cicero alisimulia mjadala wa wanafalsafa wawili wa Kistoa kuhusu mtu anayeuza nyumba yenye kasoro anazozijua yeye peke yake: mbao mbovu, na nyoka vyumbani. Diogenes wa Babeli alisema kutotaja kasoro si kuficha, na mnunuzi hajalazimishwa na mtu. Mwanafunzi wake Antipater alikataa: kumwacha mtu aingie hasarani huku unajua ni sawa na kumpoteza njia kwa makusudi. Cicero alisimama na mwanafunzi.

Nilitamani kumwambia dalali kwamba lenzi pana inadanganya na ile ya kawaida inasema kweli, lakini haiko hivyo. Mtu akiingia chumbani hugeuza shingo, akaona kuta zote nne ndani ya sekunde mbili. Lenzi nyembamba inamnyima hilo. Inaweza kukifanya chumba kizuri kionekane kama stoo, na hapo anayeonewa ni muuzaji. Hakuna lenzi inayoona kama mama yule aliyesimama mlangoni. Kila mpiga picha anachagua amkosee nani, na kwa kiasi gani.

Lakini nilipochuchumaa kwenye ile kona nilijua ninachotaka mtazamaji aamini, na nilijua si kweli. Hilo halimo ndani ya lenzi. Na ile kauli ya “kaja, kaona, kakataa” inasahau nani analipia kuja. Mwenye pesa humtuma mtu aende akamwangalizie nyumba. Mstaafu analipa nauli ya kwenda na kurudi, anapoteza siku nzima, na ile picha ya kabati lake likiwa ukutani, aliyokwisha kuijenga kichwani, inabomoka mbele ya watu asiowajua. Picha ya nyumba ni ushahidi unaotolewa kwa mtu ambaye hayupo. Kadiri anavyoishi mbali na kadiri nauli inavyomuuma, ndivyo anavyolazimika kutuamini.

Nilirudisha ile lenzi. Sasa napiga na ya kwangu kwenye 18, tripodi ikiwa usawa wa kifua. Chumba kisipoenea napiga picha mbili kutoka kona mbili. Nahakikisha mlango unaonekana, kwa sababu kila mtu anajua ukubwa wa mlango, na chini ya kila picha naandika vipimo kwa mita.

Yule dalali sasa anamwita kijana mwingine. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi vyote viwili vinajitembeza kwenye simu, vimevaa nguo moja. Nimebaki na wateja wawili, mmoja Uyole na mwingine Gangilonga. Kodi ya mwezi huu bado sijaikamilisha. Futi nimenunua.