Mfano wa Karamu na Amri ya Kaisari

Uhakiki hauulizi mara nyingi iwapo msomaji anawajibika kwa yanayotendwa kwa jina la tafsiri yake. Swali hilo halikwepeki kwa mintarafu ya Augustine, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini.

Mwanzoni Augustine alishikilia kuwa Wadonatisti, Wakristo waliojitenga na Kanisa lililotambuliwa na dola ya Kirumi, washindwe kwa hoja wala wasilazimishwe. Mwaka 405 Kaisari Honorius akaamuru waunganishwe kwa nguvu ya sheria. Miaka michache baadaye, katika barua kwa Vincentius, Augustine anaeleza sababu ya kugeuka kwake: mji wake mwenyewe, uliokuwa wa Wadonatisti, ulirejea kwa kuziogopa sheria za makaisari. Ushahidi huo ni wa matokeo. Maandiko yanautia nguvu tu.

Ndipo unapoingia mfano wa karamu katika Injili ya Luka. Walioalikwa wametoa udhuru, na mwenye nyumba anamtuma mtumwa barabarani akawashurutishe watu waingie. Ndani ya hadithi, kitenzi hicho kinabeba ukarimu wa mtu aliyeudhiwa ambaye nyumba yake ingali na nafasi. Katika barua kwa Boniface, ofisa wa jeshi, ya mwaka 417 hivi, kinakuwa hoja ya kutetea sheria za dola. Mtumwa wa hadithini hakuwa na askari wala hakimu nyuma yake. Kwa msomaji hodari wa tamathali kama Augustine, ni ajabu kwamba tofauti hii haikumzuia.

Hata hivyo, hakuwa mkatili. Alimsihi Marcellinus, msimamizi wa mjadala wa Carthage wa 411, asiwaue Wadonatisti waliokiri mauaji. Faini na kunyang'anywa makanisa alivikubali. Yamkini aliamini kuwa upole wa mtekelezaji ungeidhibiti tafsiri, pasipo kuuliza ni nani angekuja kuitekeleza baada yake.

Wavandali walivuka kuingia Afrika mwaka 429, naye Augustine akafariki mwaka uliofuata, Hippo ikiwa imezingirwa. Mwaka 484 mfalme wao Huneric, mfuasi wa mafundisho ya Arius, alizichukua sheria za makaisari dhidi ya wazushi akazielekeza kwa Wakatoliki. Amri yenyewe, iliyohifadhiwa na Victor wa Vita katika historia yake ya mateso hayo, inatamka wazi kwamba inawarudishia sheria zao wenyewe.