Kangomba wa Neno

Nchi ya Nachingwea na Ruangwa ina neno ambalo washairi wa pwani wangefaa kuliazima: kangomba. Hilo ni jina la biashara ya korosho iendeshwayo nje ya mnada. Mnunuzi huja uani kwa mkulima miezi ya njaa, mikorosho ingali na maua, akatoa fedha kidogo papo kwa papo. Msimu ukifika, gunia si la mwenye shamba tena. Hakuiba. Waliagana, pengine mbele ya mashahidi. Hata hivyo kijiji kizima hujua kwamba pana dhuluma, ila mtu akiulizwa imekaa wapi, hushindwa kuionesha kwa kidole.

Fumbo hilo hilo limeuandama muziki wa kufokafoka tangu ulipoanza kughaniwa kwa Kiswahili. Saleh Jabir, katika kanda yake ya mwaka 1991, alighani maneno ya Kiswahili juu ya mdundo wa Mmarekani Vanilla Ice: maneno yake, mdundo wa watu. Mwaka 1995 Joseph Mbilinyi, ajulikanaye kwa jina la Mr. II, akatoa albamu aliyoiita Ni Mimi. Jina lenyewe ni dai, kwamba mwenye neno ndiye huyu asemaye. Lakini dai ni jambo moja na soko ni jingine. Wasanii wengi wa zama za kanda walilipia studio kwa fedha za kuungaunga, kisha wakaichukua masta hadi kwa mmoja wa wasambazaji wachache wa Kariakoo. Yeye ndiye aliyekuwa na mashine za kunakili, na karatasi za majalada, na maduka ya mikoani. Msanii hakuwa na njia ya kujua zimetoka nakala 2,000 au 20,000. Alipewa fungu lake, akashukuru, akaenda kulipa madeni.

Ikaja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA ikaanza kazi mwaka 2001. Zilikuwa hatua za maana, wala si haki kuzibeza. Lakini sheria humlinda mwenye mali kabla hajaiuza. Aliyekwisha kuiuza, tena kwa hiari, huambiwa asome alichotia saini.

Basi je, ilikuwa hiari? Wapo wasemao kuwa ahadi ni deni, na mtu mzima aliyepokea fedha asirudi kulia albamu inapovuma. Hoja hiyo haina upungufu mdogo wala si ya kupuuza, kwani bila ya ahadi hakuna biashara wala ujirani. Wapo pia wajibuo kwamba mwenye njaa hana miiko, na kwa hiyo ridhaa ya mwenye njaa si ridhaa. Hawa nao wanakwenda mbali mno, maana lau ingekuwa hivyo, maskini asingeweza kuahidi lolote akaaminiwa, na huko ni kumvua utu kwa kisingizio cha kumhurumia.

Wapenzi wa tungo za kale watasema kosa lilianza pale neno lilipotiwa bei. Muyaka bin Haji hakuuza kitabu. Beti zake zilikaa vifuani mwa watu wa Mombasa, Mwalimu Sikujua akazikusanya pamoja na Taylor, na diwani ikachapwa mwaka 1940, miaka 100 baada ya mshairi kufa. Ni hadithi ya kupendeza, lakini haimsaidii anayedaiwa kodi ya chumba. Tena sauti ya visiwani ilikwisha kuingia dukani zamani: Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928, akarudi sauti yake ikiwa ndani ya sahani ya santuri. Tangu hapo neno lina gamba, na gamba lina bei.

Mkulima wa Nachingwea anaweza kutuongoza hapa kuliko wanasheria. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/08, humtaka mkulima apeleke mzigo ghalani, apokee karatasi, kisha angoje mnada na malipo. Mwenye akiba hungoja. Asiye nayo humwita kangomba. Tofauti ya wawili hawa haimo katika akili wala uadilifu wao, imo katika siku ambazo kila mmoja anaweza kula bila ya kuuza. Dhuluma ya kangomba, basi, haimo katika bei peke yake. Alichonunua kwa rahisi si korosho, ni kushindwa kungoja kwa mwenzake.

Kwa mizani hiyo, albamu huru si ile isiyo na bwana. Ni ile ambayo mwenyewe aliweza kuingojea. Huko London, ndugu wawili, JME na Skepta, waliasisi lebo yao Boy Better Know mwaka 2005, wakauza hata fulana zao wenyewe; albamu ya Skepta, Konnichiwa, ilitwaa tuzo ya Mercury mwaka 2016. Hiyo ni miaka 11. Mwaka uliofuata Stormzy alitoa Gang Signs & Prayer kwa lebo yake, ikashika nafasi ya kwanza Uingereza, ijapokuwa usambazaji ulipitia tawi la kampuni kubwa ya Warner. Hakuna aliyemwita mtumwa kwa hilo, kwa sababu alikwenda mezani akiwa ameshiba.

(Fedha pekee nazo hazinunui subira. Nachingwea inakumbuka mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 kwa matrekta na reli, bila ya saburi ya kuijua mvua wala udongo, ukaachwa mwaka 1951.)

Linabaki swali ambalo wasifu wa wasanii huru aghalabu huliruka: wakati msanii anangoja, nani anamlisha? Achukuliwe, kwa mfano, kijana wa Ruangwa aliyeapa kwamba masta yake haitauzwa. Anataka studio, anataka nauli ya Dar es Salaam, anataka miezi sita ya kuandika upya beti zilizolegea. Mama yake ana mikorosho 30. Mwezi wa Agosti, maua yakiwa yameanza kufunguka, mama anamwita kangomba uani, wanaagana, na fedha zinapelekwa kwa kijana.

Albamu inatoka. Ni nzuri, tena ni huru kweli, na nyuma ya jalada pameandikwa jina la mwenye haki zote. Ni jina moja tu.