Ruhusa ya Kutupa

Ndugu wasomaji, safari hii naomba mnivumilie. Swali nililonalo limetoka katika kazi yangu ya kompyuta, na najua wengi wenu mkisikia neno hilo mnageuza ukurasa kutafuta mapishi na salamu za harusi. Msigeuze. Swali lenyewe linamhusu yeyote aliyewahi kumpa mwenzake kitu: ukishatoa kitu ambacho huwezi tena kukitunza, je, hiyo bado ni zawadi, au umemtwika mwenzako mzigo?

Nianze na mashine. Kuanzia mwaka 2006 hadi 2010 nilifanya kazi hapa Uingereza katika kampuni moja ya bima, ndani ya chumba chenye baridi ya kukausha midomo. Humo ilikuwamo kompyuta kuu, ya aina ambayo watu hudhani ilikwisha kufa zamani. Haikufa. Mabenki na makampuni ya bima bado yanaendesha hesabu zao katika mashine za namna hiyo hadi leo. Ukoo wake ulianza tarehe 7 Aprili 1964, siku IBM ilipotangaza System/360, na mfumo endeshi wake wa sasa, z/OS, bado unaendesha programu zilizoandikwa na watu waliokwisha kustaafu au kuzikwa. Ni mfumo wenye adabu za kizee. Majina ya mafaili yake ya asili hayazidi herufi 44, nayo hukatwa vipande visivyozidi herufi 8 kila kimoja. Na mafaili mengi bado yana mistari ya nafasi 80, kwa sababu tu kadi ya karatasi iliyokuwa ikitobolewa matundu enzi hizo ilikuwa na safu 80.

Kampuni ilitaka kuingiza humo maktaba moja ndogo. Katika kazi yetu maktaba si nyumba ya vitabu, bali ni fungu la programu ambalo mtu ameliandika ili wengine walichomeke katika kazi zao. Hii ilikuwa ya kusoma majina na anwani za watu, kuyasafisha na kuyapanga. Iliandikwa kwa lugha ya C na bwana mmoja wa nchi nyingine ya Ulaya, jioni baada ya kazi yake ya mkate, naye akaitoa bure kama programu huria: chukua, tumia, badilisha upendavyo. Ilikuwa inafanya kazi katika kila kompyuta aliyopata kuigusa. Kazi yangu ilikuwa kuihamishia z/OS. Nilimwambia bosi wiki mbili. Ilichukua karibu miezi mitatu.

Shida ilikuwa kwenye herufi. Kompyuta haijui herufi, inajua namba tu. Katika mpangilio wa ASCII, ambao ndio msingi wa kompyuta karibu zote mnazozijua, A ni 65, B ni 66, na kuendelea hadi Z ambayo ni 90, bila pengo hata moja. z/OS hutumia mpangilio mwingine, EBCDIC, uliorithiwa kutoka kwenye zile kadi. Humo A ni 193 na I ni 201, halafu unaruka hadi J ambayo ni 209. R ni 217, unaruka tena, S ni 226, na Z ni 233. Ndani ya mapengo hayo wamekaa wageni: alama ya } iko kati ya I na J, na alama ya \ iko kati ya R na S. Ukiiuliza mashine swali jepesi kama "je, hii iko kati ya A na Z?", itakujibu ndiyo hata kwa kitu ambacho si herufi kabisa.

Yule bwana alikuwa ametengeneza kabati la visanduku 26, kimoja kwa kila herufi, na kukipata kisanduku alikuwa anachukua namba ya herufi anatoa namba ya A. Kwake Z kutoa A ni 25, kisanduku cha mwisho, maana sisi huanza kuhesabu na sifuri. Kwetu Z kutoa A ikawa 40, na kabati halina kisanduku cha 40. Herufi za A hadi R ziliingia, ingawa nyingine zilikaa pasipo pake. J ilikwenda kulala kwenye kisanduku cha Q. Lakini kuanzia S kwenda mbele ziliandikwa nje ya kabati, juu ya kumbukumbu ya kitu kingine. Kwa hiyo Ali alipita, Mwanaidi alipita, hata Rashid alipita. Salim na Zuhura waliangusha programu nzima. Na Waingereza, kama mjuavyo, wamejaa akina Smith, Taylor na Williams.

Je, bwana yule alikosea? Kanuni rasmi za lugha ya C zinaahidi kwamba tarakimu 0 hadi 9 zitafuatana. Kuhusu herufi hazikuahidi chochote. Kwa hiyo kisheria alikosea. Mimi simlaumu. Kila mmoja wetu aliondoka kwao akidhani kwamba dunia nzima inakula wali kwa mkono.

Palikuwa na njia ya mkato, kwani kompaila ya z/OS ina hiari ya kuitafsiri programu kana kwamba inaishi katika ASCII, kisha unaweka mkalimani mlangoni wa kubadilisha kila kinachoingia na kutoka. Nilikataa, kwa sababu data zetu zote zilikuwa za EBCDIC na mkalimani angekuwa kazini usiku na mchana. Nikaenda mahali pamoja pamoja, nikiondoa hesabu ya kutoa na kuweka swali kwa mfumo wenyewe: hii ni herufi, na kama ni herufi, ni ya ngapi? Mwaka 2008 ikakamilika. Nikakusanya mabadiliko yote kuwa kiraka kimoja, nikamtumia yule bwana. Leseni yake haikunilazimisha. Nilitaka tu kurudisha fadhila.

Akajibu kwa heshima. Alisema ameshukuru, lakini yeye hana mashine hiyo na hatakaa aweze kuinunua. Kila atakapotoa toleo jipya, nani atakijaribu kiraka hiki?

Nikajibu papo hapo: mimi.

Neno hilo halikunigharimu kitu. Mashine ilikuwa mbele yangu, na kwa miaka miwili kweli nilijaribu kila toleo, nikampa majibu. Mwaka 2010 nikapata kazi nyingine mji mwingine. Nilikabidhi funguo, kadi ya mlangoni na daftari la namba za simu za usiku. Ahadi sikuikabidhi, kwa sababu haikuwa katika orodha ya vitu vya kukabidhi. Na mimi mwenyewe nikaisahau.

Sasa niwatoe kidogo kwenye mashine, niwapeleke pwani. Mwaka 2004 chama chetu hapa kilikusanya kompyuta 30 zilizotumika, tukazipakia kwenye kontena kwenda shule moja ya sekondari upande wa Mombasa. Baadhi yenu mtakumbuka, tulipiga picha na pilau lilipikwa. Mwaka 2009 nilipokwenda likizo nikapita kuisalimu shule. Mwalimu mkuu, mama wa makamo, alinipokea vizuri. Baada ya shikamoo na chai akanipeleka kwenye chumba kimoja kilichofungwa kwa kufuli. Kompyuta zote 30 zilikuwamo, zimefunikwa vitambaa vilivyofumwa. Zilifanya kazi miaka miwili, akasema, kisha moja moja zikafa kwa vumbi, chumvi ya bahari na umeme usiotulia, na hapakuwa na fundi wala vipuri. Wakati huo kidato cha kwanza walikuwa wanasomea chini ya mwembe, kwa kukosa chumba.

"Kwa nini hamkuzitupa, mwalimu?" nikauliza.

Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini hakumfukuza mgeni. "Mwanangu, tungezitupaje? Ni zawadi ya watoto wetu. Tulikuwa tunangoja mje, mtupe ruhusa."

Nadhani mmekwisha kuona ninakoelekea. Mwaka 2015 nilipata barua ya yule bwana wa maktaba, fupi. Aliuliza kama bado nipo. Akaeleza kwamba kwa miaka mitano hakuthubutu kuigusa ile sehemu ya kupanga herufi, kwa hofu ya kuvunja kitu asichoweza kukiona. Sasa alitaka kuijenga upya. Akaomba ruhusa yangu akifute kiraka.

Jawabu la kwanza lililonijia lilikuwa la kisheria: hakuna anayemdai mwenzake. Programu huria hutolewa kama ilivyo, bila dhamana yoyote. Yeye hakunidai bei, nami sikumdai mshahara. Ni kweli, lakini haikunituliza, kwa sababu mimi sikuahidi kwa leseni. Niliahidi kwa kinywa changu.

Jawabu la pili lilikuwa kwamba aliyeahidi si mimi bali ni kiti changu. Niliandika kwa anwani ya kampuni, nikitumia mashine ya kampuni, kwa faida ya kampuni. Hili lina uzito, na sitaki kulipuuza. Tarehe 7 Aprili 2014, miaka 50 kamili tangu ile siku ya System/360, dunia ilitangaziwa kosa lililoitwa Heartbleed katika OpenSSL, maktaba ya C inayolinda siri za sehemu kubwa ya intaneti. Watu wakaja kugundua kwamba kazi hiyo, iliyotumiwa na matajiri wa dunia, ilikuwa inapata michango ya hiari ya takribani dola 2,000 kwa mwaka, na mtu mmoja tu ndiye aliyeifanya kwa muda wake wote. Makampuni yalichukua bila kuuliza nani anatunza. Kampuni yangu ilikuwa mojawapo ya wachukuaji wa namna hiyo kwa maktaba yetu ndogo. Hata hivyo kampuni haikujua kuna ahadi. Aliyejua ni mimi peke yangu, na siku ya kuondoka nilikuwa na ulimi.

Rafiki yangu mmoja, naye ni mtu wa kompyuta, alinicheka. Watu wangapi wanatumia kitu hicho kwenye z/OS, wawili? Kifutwe! Hapo sikukubaliana naye. Mtu mmoja mwenye mashine ya namna ile nyuma yake wamesimama maelfu ya watu wenye bima na akiba, ambao hawajui wala hawatajua jina la maktaba hiyo. Tukianza kupima haki ya mtu kwa wingi wa wenzake, sisi tulio hapa ughaibuni ndio tutakaokuwa wa kwanza kufutwa.

Kilichonibadilisha ni kitu kingine. Katika maelezo ya maktaba ile palikuwa na sentensi: inafanya kazi z/OS. Tangu 2010 hakuna aliyejua kama ni kweli. Ulikuwa ushuhuda bila shahidi, na jina langu chini yake. Lugha ya Perl ilipata kupitia haya: usaidizi wake wa EBCDIC haukuondolewa rasmi, ila matoleo yalifika mahali hayakuweza hata kutengenezwa vizuri kwenye z/OS, mpaka toleo la 5.22 la mwaka 2015 lilipourejesha. Waliosoma maelezo ya zamani katikati ya kipindi hicho walidanganywa, bila mtu yeyote kukusudia kuwadanganya. Nawapa heshima zaidi watu wa OpenBSD. Baada ya Heartbleed walichukua nakala ya OpenSSL wakaiita LibreSSL, wakang'oa hadharani msaada wa mifumo mingi mikongwe, VMS ikiwamo. Walilaumiwa kwa ukali. Lakini mtu wa VMS alijua siku ile ile kwamba pale hana nyumba, na angeweza kutafuta nyingine.

Lilikuwapo na jaribu moja, nilikiri kabisa. Kuna programu iitwayo Hercules inayoigiza mashine kuu ndani ya kompyuta ya kawaida ya nyumbani. Ningeweza kuitumia kutimiza ahadi yangu usiku, kama ningekuwa na z/OS ya kuweka humo; lakini leseni ya z/OS haikuruhusu, na nakala zilizokuwa zinapitishwa mkono kwa mkono zilikuwa za wizi. Niliwaza siku mbili nzima kama inafaa kuiba ili nisiwe mwongo. Mke wangu akaniuliza nilichokuwa nawaza hata chai ikapoa, nikamweleza, akasema tu kwamba yule bwana hakuniomba mashine, aliniomba jibu.

Nikamwandikia: futa. Nikamwomba radhi kwa miaka mitano, na nikamwomba aandike wazi katika maelezo ya toleo jipya kwamba z/OS haishughulikiwi tena, na toleo la mwisho lililojaribiwa ni lipi, ili mwenye mashine akitaka alichukue na kuendelea nalo. Haya yote ningeweza kuyasema mwaka 2010 kwa dakika kumi. Ruhusa niliyompa ilimwondolea yeye mzigo. Mimi haikuniondolea deni, na sijapata bado njia ya kulilipa.

Kule shuleni niliitoa ruhusa palepale, mwaka ule wa 2009, ingawa ilibidi niipigie simu kamati yetu kwanza na wajumbe wawili wakanuna. Vijana walibeba vyuma vile nje kabla ya magharibi. Mwalimu mkuu alivikunja vile vitambaa vyote 30, akavichukua.

Yule bwana naye alijibu kesho yake. Alishukuru, kisha akauliza: jina lako nilibakishe kwenye orodha ya waliochangia? Nilikaa na swali hilo siku tatu. Nikamwambia alibakishe, na mbele yake aandike 2008 hadi 2010.