Hachoki

Hapa Free Area kuna sifa tunayompa mtu tunayemtegemea: huyo hachoki. Ni sifa tamu. Mimi naishuku, na kilichonifanya niishuku ni saa.

Tangu 1967 sekunde inapimwa kwa atomu ya sesiamu: mitetemo 9,192,631,770, basi, sekunde moja imepita. Ndani ya saa hiyo kuna mrija usio na hewa. Upande mmoja kuna tanuru dogo lenye gramu chache za sesiamu. Ikipashwa moto, atomu huchomoka, hupitia mawimbi ya maikrowevu, na zilizoitikia huhesabiwa upande wa pili. Kila atomu inapita mara moja tu. Hairudi tanurini. Hata kifaa kinachokuza ishara yake hudhoofika kadiri kinavyofanya kazi. Baada ya miaka kama kumi hivi, mrija umekwisha. Na ule wa usahihi wa juu humwaga atomu nyingi zaidi, kwa hivyo huisha mapema. Yaani kadiri saa inavyoaminika, ndivyo inavyojila.

Wanaozitunza saa hizi wanajua. Hufuatilia nguvu ya ishara, hutenga pesa za mrija mpya. Tena muda wa dunia, UTC, haukalii bega moja: hukokotolewa kutoka saa zaidi ya 400 za nchi mbalimbali. Moja ikizima, sekunde haipotei.

Sisi je? Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, kila mtu alinipa pole. Mamangu, aliyekuwa akitafuta hiyo karo kwa kudamka saa kumi alfajiri kwenda soko la Wakulima, aliambiwa tu hachoki. Magoti yake hakuna aliyeyauliza.

Utaniambia mama si mashine, na kwamba sifa hiyo anaipenda. Kweli anaipenda. Lakini ona inachotufanyia sisi wengine: mtu asiyechoka hahitaji kupokelewa zamu. Tukishasema hachoki, tunalala hadi saa moja na dhamiri safi.

Kwa hivyo mimi naona hilo neno ni deni tunalolipamba likafanana na heshima. Mashine ya sesiamu inatengewa mbadala kabla haijazima. Mtu wako asiyechoka umemtengea nini? Kama jibu ni sifa, anza na Jumamosi moja: amka wewe.