Je, ni Pombe Iliyomwangusha?



Mtu akipepesuka njiani saa tatu asubuhi, sisi wa Njisi hatuulizi. Twasema, "Huyu ameamka nayo." Nasi tumepata kusema hivyo, kisha tukaona haya, maana ndugu yule hakuwa ameonja kitu, miguu yake ilikuwa imeanza kumwacha. Alijifungia nyumbani majuma mengi, akikimbia vicheko vyetu.

Yako maradhi ya mishipa ya fahamu yanayomyumbisha mtu kama mlevi. Moja ni multipo sklerosisi. Kinga ya mwili, badala ya kumlinda mtu, hugeuka ikashambulia utando unaofunika mishipa ya ubongo na uti wa mgongo. Miguu hufa ganzi, macho huingia kiza, ulimi huwa mzito. Ugonjwa huu huonekana zaidi katika nchi zilizo mbali na ikweta, kwetu ni nadra. Lakini tunayo mengine. Huko Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame, watu walikakamaa miguu ghafula kwa kula muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha. Ugonjwa huo huitwa konzo. Je, hao nao tungewaita walevi?

Wengine watasema magonjwa haya ni malipo ya chupa. Basi wasikie: mwaka 2014 wataalamu wa Uswidi walitoa utafiti ulioonyesha kwamba wanywaji walipata multipo sklerosisi kwa uchache kuliko wasiokunywa. Wataalamu wengine hawakuona hivyo. Hatusemi haya ili wapenda kimpumu wapate cheti cha kutuonyesha (tunawajua!). Pombe nyingi ya miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu kwa njia yake yenyewe. Na pombe haramu yenye sumu ya methanoli iliua watu zaidi ya 100 jijini Nairobi mwaka 2000, na wengine ikawapofusha. Tunauliza tu: kama ugonjwa ni hukumu, je, tuwasifu wanywaji wa Uswidi kwa uchaji wao?

Kilichomwuguza mtu ni swali la mganga. Nani alaumiwe ni swali jingine, nasi twayachanganya kwa kuwa hutupunguzia kazi: aliyejitakia hana haki ya kubebwa.

Na ikiwa ni pombe kweli? Hapo ndipo pagumu. Aliipika mama anayesomesha watoto kwa fedha hiyo. Tuliinywa naye chungu kimoja, tukipokezana mrija, na aliposema yatosha tulimwita mwoga. Tukihesabu makosa, hesabu itaanzia kwa nani?

Ndugu yule alifikishwa hospitali na kijana wa bodaboda asiyemjua hata jina, wala hakudai nauli. Sisi majirani tulipata habari jioni.