Shahada ni Ushahidi

Katika lugha yetu, karatasi apewayo mwanafunzi amalizapo chuo kikuu huitwa shahada, na asili ya neno hilo ni ushahidi. Chuo humshuhudilia mtu mbele ya watu kwamba ayajua mambo fulani. Basi twauliza: mwenye kuipata shahada kwa kazi isiyokuwa yake, je, amevunja kanuni za chuo tu, au amewadhulumu watu?

Twauliza hivi kwa kuwa vijana wetu wengi wasomea teknolojia ya habari, nasi twafurahi kwa hilo. Wazee waliihangaikia elimu ya ufundi: chuo cha MIOME hapa Mombasa, kilichowekwa kwa ajili ya Waislamu wa Afrika Mashariki, kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1951, na chuo hicho hicho, baada ya kubadilishwa majina, kikawa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa mwaka 2013, na leo kompyuta ni miongoni mwa yasomeshwayo humo.

Masomo haya kwa kawaida ni ya miaka 4. Mwanafunzi hujifunza hesabu, kuandika programu, kupanga hifadhidata, kuunganisha mitandao na kuilinda. Kisha mwaka wa mwisho hutakiwa aunde kazi kamili ya mkono wake. Hapo ndipo wengine huteleza. Wako wauzao kazi zilizo tayari, na tangu mwisho wa mwaka 2022 zimeenea mashine ambazo ukiziagiza huandika programu kwa dakika chache. Kijana hubandika jina lake, hufuzu, na mzazi aliyeuza alichonacho kwa ajili ya karo hualika watu.

Wasema baadhi: "Pana dhara gani? Mwajiri ataka karatasi. Kazi atajifunza huko huko." Twawajibu kwa mfano mmoja. Fundi ajuaye haweki nywila za watu kama zilivyo. Huzigeuza kwa hesabu zikawa alama ambazo ni vigumu mno kuzirudisha, ili mwizi akilipata daftari lote asiweze kulisoma kwa wepesi. Asiyejua huziandika waziwazi, na programu yake huenda vile vile, wala mwenye duka au hospitali haoni tofauti. Siku aingiapo mwizi, siri za wote hutoka pamoja. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yaweza kuadhibu, lakini siri iliyotoka hairudi. Wahenga wamesema vyaelea vyaundwa. Na abiria hana njia ya kuukagua ubao ulio chini ya maji. Yeye humwamini fundi, na fundi huaminiwa kwa shahada yake.

Kwa hivyo twasema kwamba jambo hili ni ushahidi wa uwongo, ambao dini yetu imeuhesabu katika madhambi makubwa, na adhulumiwaye ni mtu asiyekuwako darasani.

Hatusemi kwamba kutaka msaada ni haramu. Waandishi wa programu tangu zamani huazimana, na wengi hutoa kazi zao bure wengine wazitumie kwa masharti. Vipimo ni viwili: je, umemtaja uliyechukua kwake? Na je, ukiulizwa kila mstari umewekwa kwa nini, waweza kujibu? Mwenye kuvipita viwili hivi amesoma, hata kama ameazima. Mwenye kushindwa, ijapokuwa alama zake ni za juu, shahada yake yasema lisilokuwa.

Na wazazi wana fungu lao. Amwulizaye mwanawe kila likizo "Utamaliza lini?" asimwulize hata mara moja "Umejifunza nini?" humfunza kwamba karatasi ndiyo makusudio. Ni afadhali kijana arudie somo, pamoja na uzito wa karo, kuliko kukabidhiwa amana za watu asizoweza kuzilinda. Na neno hilo aambiwe mapema, kabla hajaufikia mlango wa muuzaji.

Wabillahi taufiki.