Saudia na vifungu vipya: Kadhi amefungwa mikono au ameongozwa?

 

Ndugu msomaji, nilikuwa nafundisha mada ya ukadhi katika Uislamu, kijana mmoja wa kidato cha sita akanyoosha mkono: "Ustadhi, nimesikia Saudia wameacha Sharia, sasa wanahukumu kwa vifungu kama mahakama zetu hizi. Ni kweli?" Nilimjibu kwa ufupi, kengele ikalia. Lakini swali lile lilikuwa kubwa kuliko jibu langu, na wapo watu wazima wanaouliza hivyo hivyo misikitini. Leo nijaribu kulijibu vizuri zaidi.

Kwanza tuweke mambo sawa. Sheria ya Msingi ya Saudia ya mwaka 1992 inasema wazi kuwa katiba ya nchi ile ni Kitabu cha Allah na Sunna ya Mtume Wake, na kwamba kadhi hana mamlaka yoyote juu yake katika hukumu isipokuwa Sharia. Hilo halikufutwa. Kilichobadilika ni namna kadhi anavyoifikia hukumu yenyewe. Tangu mwaka 1928 makadhi walielekezwa kutumia vitabu vya madhehebu ya Imam Ahmad bin Hanbal, hasa viwili vya Sheikh Mansur al-Buhuti, mwanachuoni wa Misri wa karne ya 17. Kadhi alisoma, akapima, akahukumu kwa ijtihadi yake. Matokeo yake ni kuwa kesi mbili zinazofanana, moja Riyadh na nyingine Jeddah, ziliweza kutoka na hukumu mbili tofauti, na wakili hakuweza kumwambia mteja wake atarajie nini.

Mabadiliko yalianza enzi ya Mfalme Abdullah. Mwaka 2007 ilitoka sheria mpya ya mahakama: ikaanzishwa Mahakama Kuu ya juu kabisa, mahakama za rufaa, na mahakama za jinai, ndoa, biashara na kazi. Mwaka huo huo dunia ilishuhudia kesi ya msichana wa Qatif. Alibakwa na kundi la wanaume, kisha naye akahukumiwa viboko 90 kwa kukaa faragha na mwanamume asiye maharimu wake. Alipokata rufaa, vikapanda hadi 200 pamoja na kifungo cha miezi sita. Mfalme alimsamehe Desemba 2007. Adhabu ile ilikuwa ya taazir, yaani iliyoachiwa busara ya kadhi. Busara ndiyo hiyo! Ilichukua hadi Aprili 2020 Mahakama Kuu kuelekeza kuwa viboko vya taazir vibadilishwe kuwa faini au kifungo.

Kisha Februari 2021 Mrithi wa Ufalme, Muhammad bin Salman, akatangaza sheria nne za kuandikwa. Tatu zilifuatana haraka: ya ushahidi mwaka 2021, ya ndoa na familia mwaka 2022, na ya mikataba na madai mwaka 2023. Hii ya mwisho ina vifungu zaidi ya 700, na karibu na mwisho wake zimeorodheshwa kaida 41 za kifiqhi, zile zile tunazowafundisha vijana: yakini haiondolewi na shaka, madhara huondolewa.

Basi je, ni bidaa? Wanazuoni hawakukubaliana, na hoja za waliopinga si za kudharauliwa. Mwaka 1973 wengi katika Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudia walikataa kumlazimisha kadhi rai moja, kwa sababu kadhi ameamrishwa kuhukumu kwa haki anayoiona, si kwa haki aliyoandikiwa na mwingine. Imam Malik (Allah amrehemu) alipoombwa na khalifa kitabu chake kiwe sheria ya umma wote, alikataa. Kwa upande wa pili, Dola ya Uthmaniya ilikusanya Majalla yake kati ya mwaka 1869 na 1876, yenye vifungu 1,851 kutoka fiqhi ya Hanafi, wala hakuna aliyesema Istanbul imeritadi.

Mimi naelekea kwa wanaoandika. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa makadhi ni watatu, wawili motoni na mmoja peponi, na mmoja wa wale wawili ni anayehukumu kwa ujinga. Kumpa kadhi kijana wa mjini kifungu kilichopimwa na wanazuoni ni kumhurumia yeye na wanaosimama mbele yake. Tazama sheria ya familia ya 2022: talaka iliyotamkwa tatu kwa mkupuo inahesabiwa moja, kinyume na fatwa mashuhuri ya Mahanbali wenyewe, wakafuata rai ya Ibn Taymiyya. Mume anatakiwa kuisajili talaka ndani ya siku 15. Aliye chini ya miaka 18 haozwi mpaka mahakama ijiridhishe. Walii yupo pale pale, na mke anayekataa kukaa na mumewe bila udhuru anaweza kukosa nafaka, jambo ambalo watetezi wa haki za wanawake wamelilalamikia.

Lakini nisiseme nusu ya ukweli. Kifungu hakimpi kadhi uhuru mbele ya mtawala. Mwaka 2008 ilianzishwa Mahakama Maalumu ya Jinai kwa ajili ya kesi za ugaidi. Mbele yake alifikishwa Sheikh Salman al-Awdah, aliyekamatwa Septemba 2017, na waendesha mashitaka wakaomba auawe. Mwaka 2023 mahakama hiyo hiyo ilimhukumu kifo mwalimu mstaafu kwa sababu ya maandishi yake mtandaoni; mwaka uliofuata ikawa kifungo cha miaka 30. Sayyidna Umar (RA) alimwandikia Abu Musa awasawazishe watu barazani kwake, mkubwa asitarajie upendeleo wala mnyonge asikate tamaa. Na mabinti zetu wa Mombasa na Tanga wanaokwenda kufanya kazi za ndani kule? Mahakama za kazi zilifunguliwa 2018, lakini Sheria ya Kazi ya 2005 imewaacha nje wafanyakazi wa majumbani.

Kwetu Bara mahakama za kadhi ziliondolewa katika mfumo wa dola kwa sheria ya mwaka 1963, na miaka yote tumedai zirudi. Nilipomaliza kumweleza haya yule kijana, aliniuliza swali la pili, nami nalileta kwenu masheikh: zikirudi kesho, na mume akaitamka tatu kwa mkupuo Manzese, kadhi wetu atahesabu moja au tatu, na kwa kitabu kipi?